Dumu la Maji Kwenye Mlima wa Tukuyu

Pikapu kuukuu inayofanya kazi wilayani Rungwe bila dumu la maji nyuma ya kiti ni nadra kuonekana. Dereva hujaza rejeta asubuhi kabla ya kuwasha, hujaza tena akifika juu ya mlima, na akiulizwa maji yanakwenda wapi hujibu kwamba gari ni la zamani, linakula maji. Jibu hilo limezoeleka mno hata hakuna anayelihoji. Hoja ya makala hii ni kwamba desturi ya kuongeza maji ina historia inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua. Ilikuwa busara kamili kwa magari ya wakati wake na kwa miaka ya dhiki iliyoikomaza. Magari yalipobadilika, desturi haikubadilika nayo, na hapo ndipo maji yanayopotea yalipogeuka kuwa fumbo. Anayeijua historia hiyo yuko karibu na chanzo cha tatizo kuliko anayekimbilia kufungua injini.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mji wa Tukuyu umekaa kwenye kimo cha kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, miguuni pa mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000. Kusini, barabara inateremka hadi Kyela, na Ziwa Nyasa lililo pale chini halifiki mita 500. Kaskazini, inapanda hadi zaidi ya mita 2,000 sehemu za Isongole, kisha inateremkia Uyole na Mbeya. Gari lililopakia mchele Kyela kwenda Mbeya hupanda basi zaidi ya mita 1,500 kwa safari moja, tena kwa gia ndogo, injini ikizunguka kwa kasi huku mwendo ukiwa wa taratibu na upepo wa kuipoza rejeta ukiwa haba. Kadiri linavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka mapema: bondeni Kyela maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi kama 98 za selsiasi, Tukuyu kama 95, na juu kabisa ya barabara kama 93. Mlima unaiongezea injini joto na papo hapo unayapunguzia maji uwezo wa kulistahimili. Ni barabara chache za nchi hii zinazoujaribu mfumo wa kupoza injini kwa namna hii kila siku ya soko.

Wamishonari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, na hata baada ya Wajerumani kuifanya Tukuyu makao ya wilaya kwa jina la Neu-Langenburg, mizigo ilipanda mlima huu mabegani mwa wapagazi. Enzi ya magari ilikuja chini ya Waingereza. Mji wa Mbeya ulianzishwa 1927, dhahabu ya Lupa kule Chunya ikavuta maelfu ya watu waliohitaji kulishwa, na chakula cha Rungwe kikapata soko. Injini za wakati ule zilipozwa kwa mfumo ulio wazi. Katika Ford T, gari lililouzwa kuliko yote duniani hadi lilipoachwa kutengenezwa 1927, mengi hayakuwa hata na pampu ya maji: maji ya moto yalipanda yenyewe kwenda kwenye rejeta, yaliyopoa yakashuka kurudi kwenye injini. Mfuniko haukuzuia shinikizo. Maji yakipata moto hutanuka, na yaliyozidi yalitoka kwa mrija mwembamba yakadondoka barabarani, wala hayakuwa na njia ya kurudi. Kwa gari la namna hiyo, kupungua kwa maji hakukuwa dalili ya ugonjwa wowote. Lilikuwa gari zima likifanya kazi lililoundwa kuifanya, na dereva aliyepita mto bila kujaza dumu ndiye aliyekuwa mzembe. Hapo ndipo utingo alipopata jukumu lake la kwanza, la kujua maji yako wapi njiani.

Baada ya vita kuu ya pili likaja gari lililotawala barabara mbovu za Afrika Mashariki kwa miongo mitatu. Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na muda si mrefu ikawa gari la bwana shamba, la misheni na la serikali. Mfuniko wake ulishika shinikizo, lakini dogo, na bado maji yaliyozidi yalimwagwa chini. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na bloku na hedi vya chuma cha kusubu, vizito na vivumilivu. Ikichemka mlimani, dereva aliegesha, akaweka jiwe nyuma ya tairi na matawi barabarani kuwaonya wengine, akasubiri ipoe, akaongeza maji, akaondoka. Mara nyingi hakukuwa na madhara ya kudumu. Kisha serikali ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru Rhodesia ya Kusini, Novemba 1965, Zambia ikakosa njia ya mafuta, na malori yakaanza kumiminika kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma kwa barabara mbaya kiasi cha kuitwa njia ya jahanamu. Lami ya barabara kuu hiyo ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Msafara huo wa malori ulikuwa shule. Kijana aliyeshika spana Mbeya miaka ile aliona injini zilizochemka nyingi kuliko mwanafunzi wa chuo chochote, na Tukuyu iko umbali wa kama kilomita 70 tu kutoka hapo.

Somo gumu zaidi lilikuja baadaye. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa; 1978 na 1979 kukawa na vita dhidi ya Idi Amin; bei ya mafuta ikapanda duniani na fedha za kigeni zikakauka. Spea zikawa bidhaa adimu. Hozi iliyopasuka ilifungwa kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli. Rejeta iliyotoboka ilichomelewa kwa risasi mara kadhaa hadi ikawa na viraka vingi kuliko shaba yake ya awali. Yai bichi lilivunjwa ndani ya rejeta ili ute wake uive na kuziba kitobo. Themostati, yaani vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta, ikikwama haikuwa na badala, hivyo ilitolewa na kutupwa. Kulanti ya dukani, yaani kimiminika cha kuchanganya na maji ya rejeta, haikuzungumzwa kabisa. Maji yalikuwa ya mtoni, na katika eneo linalopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka hayakukosekana. Haifai kulitazama jambo hili kwa dharau. Mafundi wale waliiweka nchi barabarani kwa akili na mikono mitupu, na kila moja ya mbinu zile ilikuwa jibu sahihi kwa swali la wakati ule: gari litafikaje leo?

Swali lenyewe ndilo lililobadilika. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mwaka 1986 nchi ikaafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandarini Dar es Salaam kwa wingi. Toyota Hilux na ndugu zake zikachukua nafasi ya Land Rover kwenye kazi za ndizi, viazi, maziwa na majani ya chai. Wengi waliona tofauti ya nje, yaani ulaji mdogo wa mafuta na spea zilizojaa madukani. Tofauti kubwa ilikuwa ndani. Pikapu hizi zina mfumo uliofungwa. Mfuniko wa rejeta hushika shinikizo la kama bar 0.9, na shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 20. Maji yanayotanuka hayamwagwi. Huingia kwenye chupa ya akiba, na injini ikipoa mfuniko huyavuta kurudi. Na katika injini nyingi za baadaye hedi ni ya alumini, ambayo hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha bloku iliyo chini yake. Kuchemka mara moja tu kunaweza kuipinda hedi au kuiunguza gasketi.

Kutokana na hayo linafuata jambo ambalo desturi haijalikubali hadi leo: katika mfumo uliofungwa, maji hayapungui bila sababu. Kwenye Ford ya 1927 lita moja iliyopotea haikuwa na maana yoyote. Kwenye Hilux ya miaka ya 1990 lita hiyohiyo ni habari, na dereva anayeijaza kimyakimya anaifuta habari kabla haijasomwa. Maji yana njia tatu tu za kuondoka: nje ya injini, ndani ya silinda yakitoka na moshi, au ndani ya oili. Hakuna njia ya nne, na umri wa gari si njia. Uzee unamwambia fundi sehemu za kutazama, kwa maana mpira hukakamaa, sili za pampu huisha na chuma huliwa na kutu. Lakini kusema gari linapoteza maji kwa sababu ni kuukuu ni sawa na kusema mgonjwa anaugua kwa sababu ana miaka sitini.

Kwa nini basi chanzo hakionekani, ilhali njia ni tatu tu? Hapa Tukuyu ina ugumu wake, na fundi aliyejifunza kazi Dar es Salaam huweza kukosea akifika huku. Kwanza, ufa mdogo hufunguka gari likiwa na moto na shinikizo, na tone linaloanguka juu ya chuma cha moto hugeuka mvuke kabla ya kugusa ardhi. Pili, penye vumbi tone huacha alama, lakini Tukuyu uwanja wa gereji umelowa sehemu kubwa ya mwaka na injini yenyewe hurushiwa maji ya barabarani safari nzima, hivyo alama huoshwa au huchanganyika na mvua. Tatu, moshi mweupe wa asubuhi, ambao kwingine humshtua fundi akawaza hedi, katika baridi ya Isongole ni jambo la kawaida kwa gari zima kabisa. Unyevu wa bomba la moshi huonekana tu kwa sababu hewa ni ya baridi. Dalili yenye maana ni moshi mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto. Nne, na hili ndilo kubwa, gari likiegeshwa gereji na kuachwa likinguruma halifikii shinikizo na joto la kupanda kutoka bondeni na mzigo. Gari linaweza kunguruma gereji asubuhi nzima bila dalili yoyote, kisha likapoteza lita mbili kabla ya kufika Isongole.

Kwa hiyo uchunguzi unaofaa huku huanza na vitu vya bei ndogo na huufuata mlima. Cha kwanza ni mfuniko wa rejeta, unaofunguliwa injini ikiwa baridi tu, kwa kuwa ukifunguliwa moto maji yaliyobanwa hulipuka usoni. Mpira wake ukiwa umekakamaa au umechanika, shinikizo halishikiki, na maji yanarudi kuchemka kwenye zile nyuzi 93 za juu ya mlima, ilhali injini yenyewe hufanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90. Nafasi inayobaki ni nyuzi chache. Mfuniko huo una pia vali ndogo katikati, ya kuyarudisha maji kutoka kwenye chupa. Ikikwama, asubuhi dereva huikuta chupa imejaa na rejeta imepungua, na hozi ya juu imenywea kwa kufyonzwa. Baada ya mfuniko hutazamwa viungo vya hozi na kitobo kidogo kilicho chini ya shingo ya pampu ya maji: sili ikiisha, maji hutokea hapo, na yakikauka huacha ukoko mweupe au wa rangi ya kulanti. Vivyo hivyo kwa vifuniko vya chuma ubavuni mwa bloku, ambavyo hutobolewa na kutu kutoka ndani, mahali mkono haufiki. Hapa kulanti yenye rangi ina faida nyingine juu ya ile ya kupoza, kwa sababu hujitenga na maji ya mvua na kuonyesha ilikotokea.

Nje pakiwa pakavu, ndipo ifikiriwe hedi. Fundi asiye na kifaa chochote bado ana ushahidi. Injini ya baridi ikiwashwa na hozi ya juu ikawa ngumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, shinikizo hilo halitokani na joto. Ni la silinda linalopenya kwenye gasketi. Mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta yana maana hiyohiyo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inaonyesha maji yameingia huko, ingawa ukungu mwembamba chini ya mfuniko wa oili kwa gari la safari fupi za mjini kwenye baridi si ushahidi wa kutosha. Kipo pia kipimo cha kemikali: kimiminika cha buluu huwekwa kwenye mdomo wa rejeta, na kikikutana na hewa ya ukaa kutoka kwenye moshi hugeuka njano, au kijani kwa dizeli. Inafaa kukumbuka kwamba Rungwe yenyewe ni ardhi ya hewa hiyo. Hutoka ardhini karibu na mlima Kyejo, huvunwa visimani na kampuni ya TOL Gases, na hupanda na maji ya chemchemi kadhaa. Kwa sababu hiyo, anayetumia kipimo hiki akiwa amejaza rejeta maji ya chemchemi yenye mapovu anaweza kuipa hedi hatia isiyo yake. Kimsingi kipimo kinafaa. Kinadai tu maji yaliyokwisha kuchemshwa na injini mara kadhaa, hewa yake ya asili ikiwa imetoka.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza husema kulanti ni kinga ya barafu, iliyobuniwa kwa nchi za theluji, na Tukuyu haigandi. Ni kweli mji haugandi, ingawa jirani, kwenye uwanda wa Kitulo, baridi ya katikati ya mwaka huleta jalidi. Lakini kinga ya barafu ni nusu tu ya kazi yake. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji huchemka kwenye nyuzi kama 107 mahali maji matupu yanapochemka kwenye 100, na dawa zilizomo huzuia kutu ya chuma na kuliwa kwa alumini. Maji ya mto, hata yakiwa safi ya kunywa, huingiza oksijeni mpya kila yanapoongezwa. Hivyo anayejaza kila siku hulisha kutu kila siku, na kutu hiyo hutoboa vile vifuniko vya bloku na kuziba mirija ya rejeta. Desturi ya kutibu upungufu inageuka kuwa chanzo chake.

Wa pili hutetea kutoa themostati, akisema wazee walifanya hivyo na magari yakatembea. Yalitembea kwa sababu injini nyingi za zamani zilikuwa na njia moja kuu ya maji, na kuondoa kizuizi kuliongeza mzunguko. Katika injini nyingi za Kijapani themostati ina sahani ya pili chini yake, ambayo hufunga njia ya mkato injini ikipata moto. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Mlimani gari hilo huchemka zaidi, na kwenye mteremko wa baridi kuelekea Uyole hupoa kupita kiasi. Busara ya 1982 inazaa kosa katika injini ya 1992, wala si kwa uzembe wa fundi aliyeirithi. Hakuambiwa kwamba sahani ya pili ipo.

Wa tatu ana hoja nzito kuliko wote: umaskini. Maji ni ya bure, kulanti ni ya kununua, na mwenye pikapu anahesabu mzigo wa leo. Mkulima wa chai akishachuma, majani mabichi lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo yanajichemsha kwenye magunia na kushuka daraja. Maziwa nayo hayangoji. Nani atasimamisha gari kutafuta tone? Lakini hoja hii, ikifuatwa hadi mwisho, inaunga mkono upande wa pili. Gari linalobeba bidhaa isiyongoja ndilo lisiloruhusiwa kufia njiani, na uchunguzi ulioelezwa hapa huanza na mfuniko na hozi, vitu vya bei ndogo kuliko vyote vya injini. Gharama isiyobebeka ni ya hedi iliyopinda, ambayo hushushwa, hupelekwa Mbeya kuchongwa, na hurudishwa na gasketi mpya gari likiwa limekaa bila kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na asiye na akiba ndiye anayehitaji zaidi kuyajua mapema.

Kinachotakiwa si kuliondoa dumu garini. Barabara hii inalihitaji, na dereva anayesafiri bila maji Rungwe anajitia hatarini kama waliomtangulia. Kinachotakiwa ni dumu kufanya kazi mpya: kupima. Dereva anayejua kwamba wiki iliyopita aliongeza nusu lita kwa safari ya Mbeya na wiki hii ameongeza lita nzima, kwamba maji hayapungui akiteremka Kyela bila mzigo ila hupungua akipanda nao, na kwamba asubuhi aliikuta chupa imejaa na rejeta imepungua, ameshaifanya nusu ya kazi ya fundi kabla hajafika gereji. Takwimu hizo hazihitaji mashine, wala cheti cha VETA, ila kalamu na karatasi kwenye kisanduku cha dashibodi. Matingo wa kwanza wa mlima huu walijua kila mahali pa kuchota maji kati ya ziwa na Uyole, na ujuzi huo uliwatosha kwa magari yao. Warithi wao wanapaswa kujua kila lita inakokwenda, na hapo uzee wa gari hautatajwa tena kama sababu.